Pensheni ya Mama Si Urithi Wangu

Wasee, leo naanza kwa kukiri. Mwaka jana nilijaribu kumzuia mamangu kwenda China. Nilitumia kila mbinu: nilimtisha, nikamnunia, nikaita kikao cha familia, nikamchochea hadi pasta ampigie simu. Alinisikiliza vizuri kabisa, akaninywesha chai, kisha akaenda.

Mama ana miaka 61. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akastaafu alipofika 60 kama sheria inavyosema. Aliyesafiri naye ni rafiki yake wa miaka mingi, naye ni mwalimu mstaafu, ana miaka 68 na magoti mabaya. Yeye nitamwita Auntie tu, kwa sababu nikimtaja jina atanitafuta. Hao wawili walipanga siku kumi na tatu: Beijing, Xi'an na Shanghai. Bila kampuni ya utalii na bila mtu wa kuwaongoza. Kichina walichojua ni "nihao" na "xiexie", na hiyo ya pili Auntie alikuwa anaitamka kama mtu anayepiga chafya.

Hii safari haikuanza juzi. Baba alikuwa mpenzi wa redio. Mwaka 2006 Radio China Kimataifa ilipoanza kusikika Nairobi kwenye 91.9 FM, alikuwa akiiweka jioni, tunasikiliza watangazaji Wachina wakiongea Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Baba alikuwa anacheka, "Huyu amekuja mpaka kwa lugha yangu. Mimi pia lazima niende kwao." Akamwahidi Mama wakistaafu wataenda wote wawili. Baba alifariki 2021. Ile ahadi sisi watoto tuliizika naye. Kumbe Mama hakuizika.

Sasa, sababu nilizompa. Nilimwambia una presha. Nikamwambia huko hawaongei Kiingereza. Nikamkumbusha Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika walipofukuzwa kwenye nyumba na hoteli kule Guangzhou, sote tuliona zile vidio. Hiyo si hofu ya kubuni na hata yeye hakuibeza. Lakini alinijibu, "Nimesoma. Ndiyo maana nimeandika nambari ya ubalozi kwenye daftari. Wewe umeandika wapi?"

Nikajaribu njia ya kati. Nikasema basi nendeni na kikundi cha watalii, wale wanaofuata mtu mwenye kibendera. Mathe akaniangalia vile alikuwa anaangalia darasa la saba. "Nimepanga watoto mstari miaka thelathini na tano," akasema. "Sitaki kupangwa mstari tena."

Hizo ndizo sababu nilizozitoa kwa mdomo. Iko moja sikuisema, na ndiyo imenifanya niandike leo. Kiinua mgongo cha Mama kilikuwa kimeingia, baada ya kukawia kama kawaida. Na mimi nilikuwa nishakipangia kazi. Nilitaka kamera mpya na kompyuta ya kuhariri vidio. Kakangu alitaka kumalizia nyumba yake Kitengela. Hatukuwahi kuambiana wazi, lakini sote tulikuwa tunajua. Kila tulipomwambia Mama "tunajali afya yako", nusu ya hiyo huruma ilikuwa ya akaunti ya benki.

Sitaki kujifanya niko peke yangu hapa. Mnajua vizuri. Mzazi akistaafu, watu wanatoka kila pembe na mawazo ya biashara. Kuku, matatu, ploti, shamba la parachichi. Mtu amefundisha watoto wa watu na wake mwenyewe, amelipa karo yako mpaka chuo kikuu, siku ya kwanza ana pesa zisizo na jina la mtu mwingine, wewe unamtafutia jina la kuandika hapo. Na akisema anataka kuona dunia, tunamwambia amezeeka.

Tuendelee.

Waliondoka Septemba. Mwezi ulichaguliwa kwa hesabu: joto la Beijing limepungua, na bado Wachina hawajaingia ile likizo yao kubwa inayoanza tarehe 1 Oktoba, ambapo nusu ya nchi iko barabarani. Hiyo aliigundua Mama, si mimi. Mimi mchango wangu ulikuwa ratiba nzuri ya rangi, niliyoitengeneza kwa kompyuta usiku mmoja nikijaribu kuomba msamaha. Aliirudisha ikiwa na kalamu nyekundu. Nilikuwa nimewapangia kuona makao ya wafalme, ule mji uliokatazwa wa Beijing, siku ya Jumatatu. Jumatatu pamefungwa. Na tiketi haziuzwi mlangoni tu ukifika, lazima zikatwe mapema kwa nambari ya pasipoti. Pia nilikuwa nimeweka vitu vinne kwa siku. Akavikata vitatu. Pembeni akaandika: "Siku moja, kitu kimoja. Sisi si mbuzi wa kukimbizwa."

Mchango wangu wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Mimi ndiye fundi wa mitambo pale nyumbani. Nikawashauri wasiwashe intaneti ya laini zao za Kenya wakiwa huko, itakula pesa. Wakifika uwanja wa ndege wanunue laini ya China, ni rahisi. Nilijiona mjanja. Nilichosahau ni kwamba ukitumia laini ya China, WhatsApp haifunguki. Wala Google, wala Facebook, wala YouTube. Imefungwa. Lakini ukitumia laini ya nje kwa huduma ya kusafiri nayo, data yako inapitia kwa kampuni ya nyumbani, na kwa kawaida WhatsApp inafanya kazi kama uko Umoja. Yaani nilichukua kitu kimoja ambacho kingewaokoa, nikawaambia wakizime.

Walifika Jumapili. Kimya. Jumatatu, kimya. Tiki moja tu ya kijivu kwa kila ujumbe. Jumanne jioni nilikuwa nimeshindwa kula. Grupu ya familia ilikuwa imewaka moto, kila mtu ananiuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nasema kitatokea kitu. Nilikuwa nimeandika barua pepe kwa ubalozi. Nilikuwa hata nimechagua picha ya kuweka kwenye tangazo la kutafutwa, naona aibu kusema. Ile picha ilikuwa ya Mama akiwa amevaa kofia ya Baba.

Halafu jamaa wa boda akanishika mlangoni, ati sijamlipa. Nikafungua SMS nitafute ujumbe wa M-Pesa. Sisi nani husoma SMS siku hizi? Pale ni matangazo ya mkopo na kamari tu, mimi nilizima sauti zake kitambo. Nikashuka chini, nikakuta "Mama". Tatu.

Jumapili: "TUMEFIKA SALAMA. WHATSAPP IMEKATAA. HOTELI NI NZURI. USIPIGE SIMU NI GHALI. MAMA."

Jumatatu: "LEO TULIKUWA BUSTANINI. WAZEE WA HUKU WANADANSI ASUBUHI NA MAPEMA. MAMA."

Jumanne: "TUMEONA NYUMBA YA WAFALME. MIGUU INAUMA. MBONA HUJIBU. UKO SALAMA? MAMA."

Nilikaa chini pale kwenye ngazi. Siku mbili na nusu nimekuwa nikiwatafuta wazee waliopotea, na wao walikuwa wananitafuta mimi.

Kuanzia hapo Auntie aliwasha data ya laini yake ya Kenya, na kila usiku nikawa napata jumbe za sauti. Nitawasimulia chache, kwa sababu zilinibadilisha.

Ile bustani ya Jumatatu ni ile iliyozunguka Hekalu la Mbingu, Beijing. Mama anasema walienda wakidhani wataona jengo. Wakakuta mamia ya wazee. Wengine wanacheza karata, wengine wanapiga kwa mguu kitu kama mpira mdogo wenye manyoya, wengine wanadansi kwa mistari na spika iko chini. Auntie na magoti yake akaingizwa mstari wa nyuma. Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi mpaka wimbo ulipoisha. Kumbuka kwamba China, mpaka mwaka 2024, wanawake wengi walikuwa wanastaafu wakiwa na miaka 50 au 55, na wanaume 60. Tangu 2025 wameanza kuisogeza juu kidogo kidogo. Kwa hivyo mwanamke wa miaka 61 pale si kikongwe wa kufungiwa nyumbani. Ni mtu ana kikundi chake cha dansi, ana programu yake ya asubuhi, na hana haraka.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anaandika chini kwa brashi ndefu na maji matupu. Herufi zile kubwa nzuri za Kichina, kwenye vigae. Zinakaa dakika chache, jua linazikausha, anaandika tena. Mama alisimama hapo muda mrefu. Yule mzee akampa brashi. Mama akaandika jina la Baba, kwa mwandiko wake wa ubaoni, wakalitazama wote watatu mpaka likakauka. Hakunitumia picha. Alisema hakupiga.

Kuhusu pesa, nilikuwa na hofu ya bure kabisa. Walisajili Alipay wakiwa bado Nairobi, wakaunganisha kadi zao za benki. Unapiga picha kile kiraka cha vidoti, unalipa. Mama muuza viazi vitamu vya kuchoma ana kiraka, teksi ina kiraka, duka la dawa lina kiraka. Mama akasema, "Hii ni M-Pesa tu. Sisi tuko nayo tangu 2007, watanifundisha nini?" Waligundua kwamba malipo ya kadi ya nje yakizidi yuan 200 yanakatwa asilimia 3, kwa hivyo kila mmoja akawa analipa chakula chake kando. Walimu, jamani. Na noti walikuwa nazo pia kwenye soksi, kwa sababu simu huzimika.

Daftari ndilo lilikuwa silaha yao kubwa. Lile la kawaida la shule. Ukurasa wa kwanza: jina na anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina, zimechapishwa na kubandikwa kwa gundi. Ukurasa wa pili: majina ya dawa zao, na barua ya daktari. Wa tatu: "Sili nyama ya nguruwe", kwa sababu Auntie ni Muislamu. Wa nne: "Choo cha kukaa kiko wapi?", kwa sababu vyoo vingi vya umma ni vya kuchuchumaa na yale magoti hayataki mchezo. Wakipotea wanafungua ukurasa, wanaonyesha. Betri haiishi. Kwenye treni ya chini ya ardhi, Auntie anasema mara nyingi vijana walisimama kumpisha kabla hata hajashika mlingoti.

Treni sasa. Mama amepanda Madaraka Express mara mbili na alikuwa anaisifu sana. Hapa kwetu tunaenda kilomita karibu 480 mpaka Mombasa kwa kama saa tano. Beijing mpaka Xi'an ni kilomita kama 1,200, nao walitumia karibu muda huohuo. Tiketi yako ni pasipoti yako. Stesheni ni kubwa kama uwanja wa ndege, kwa hivyo walikuwa wanafika mapema sana, wanatafuta mlango wenye mhudumu binadamu, wanaketi. Ndani ya behewa kuna bomba la maji moto, bure. Mama alikuwa amebeba majani ya chai ya Kericho na vikombe viwili vya bati. Ujumbe wake wa sauti kutoka kwenye hiyo treni ni wa sekunde nne: "Nakunywa chai yangu kwa kilomita mia tatu kwa saa. Haya, lala."

Xi'an waliona wale askari wa udongo, walioibuka 1974 wakulima wakichimba kisima. Auntie akapata chakula chake huko, kwa sababu mji una mtaa mkongwe wa Waislamu, misikiti na mishikaki ya kondoo. Anasema alipotoa salamu kwa Kiarabu mlangoni, mwenye mkahawa alimjibu, akamvutia kiti. Hapo hakuhitaji daftari.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikuwa asali. Kuna hoteli moja ndogo iliyowageuza usiku wakiwa na mizigo, mtu wa kaunta anatikisa kichwa tu, mgeni hapana. Ilibidi watafute nyingine saa nne usiku. Watu waliwapiga picha bila kuuliza. Kuna mwanamke aliyeshika nywele za Mama sokoni, na Mama akamtoa mkono polepole huku anamwangalia vile walimu wanajua kuangalia. Mahali pengine walipunguziwa kiingilio kwa umri baada ya kuonyesha pasipoti, mahali pengine wakaambiwa punguzo ni la raia tu. Na siku ya Ukuta Mkuu, pale Mutianyu, walipanda kwa gari la kuning'inia kwenye waya, lakini Auntie akatembea minara miwili tu, akakaa. Mama akakaa naye. Walikula machungwa, wakarudi.

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho nilikuwa nimekishika kichwa chini. Nilidhani kikundi cha watalii ndicho salama kwa wazee, na kwenda wenyewe ni kwa vijana. Lakini kikundi kina basi la saa kumi na mbili asubuhi na dakika arubaini kwa kila mahali, na mnapitishwa kwenye maduka ya hariri. Kikundi hakingoji magoti ya mtu. Wawili wakienda wenyewe, mwendo ni wa yule anayeumwa. Wanaweza kukaa minara miwili wakala machungwa, na hiyo ikawa ndiyo safari yenyewe.

Ya mwisho ni ya Shanghai. Kule People's Park wikendi wazazi wanakuja kuwatafutia watoto wao wachumba. Wanaandika umri, urefu, masomo na kazi ya mtoto kwenye karatasi, wanaiweka juu ya mwavuli uliofunguliwa. Mama alifurahi kuliko mahali pengine popote. Mmama mmoja akamuuliza kwa programu ya kutafsiri kama ana mtoto. Ndiyo, msichana, miaka 26. Ana nyumba? Hana. Anafanya kazi gani? Mama akasema anatengeneza vidio za intaneti. Yule mmama akasoma jibu, akamshika Mama mkono, akampapasa kwa huruma. Auntie alinitumia hiyo hadithi mara tatu.

Walirudi wakiwa wamechoka na wamenenepa. Uwanja wa ndege nilimbebea Mama begi, nikamuomba msamaha pale kwenye maegesho. Ile sababu niliyoificha nikaisema. Kamera. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nilijua. Mlikuwa mnaniangalia kama mtu anangoja duka lifunguliwe." Hiyo imenikaa kifuani mpaka leo. Hakunipa pesa za kamera, na sikuomba. Hii simu niliyonayo ndiyo inafanya kazi.

Maoni yangu basi, na mnaweza kunipinga. Tukisema "tunawalinda" wazazi, tujiulize tunalinda nini hasa. Kuna wazazi wagonjwa kweli, kuna familia hazina cha kutosha hata kwa karo, hizo ni hadithi nyingine. Lakini mzazi mwenye akili timamu, na pesa yake halali, akikuambia anataka kwenda mahali, hakuombi ruhusa. Anakupa habari. Kazi yako ni ndogo: muulize bima ya safari amekata ya siku ngapi. Hakikisha dawa ziko kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa ndani ya paketi zake. Chapisha anwani kwa lugha ya huko. Mfundishe kuwasha data ya laini yake ya Kenya, na usimpe ushauri ambao wewe mwenyewe hujaujaribu.

Mama na Auntie wameanza kuongea habari za Zanzibar na Muscat. Safari hii sijaitisha kikao. Nimeuliza tu tarehe.

Na tafadhali, someni SMS zenu.